Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya Ziwa Victoria: itangazeni bei ya bondo mwaloni

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi,
Kwa Waheshimiwa Wabunge wa majimbo yanayopakana na Ziwa Victoria,
Kwa viongozi wa Taasisi ya Uvuvi ya Ziwa Victoria (LVFO), Jinja.

YAH: BEI YA SANGARA NA BONDO, NA CHAKULA CHA WATU WA ZIWANI

Waheshimiwa, nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mimi ni mama mfanyabiashara wa dagaa, mzaliwa wa Ukerewe. Nanunua kwa wavuvi visiwani, naanika, kisha napeleka soko la Mwaloni Kirumba pale Mwanza. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu haya ninayotaka kuyasema yamesemwa sana kwenye vikao vya BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia uvuvi, yakaandikwa kwenye mihtasari, na mihtasari yenyewe ikabaki kwenye madaftari ya makatibu.

Nina ombi moja kubwa, na mengine yanatokana nalo. Naomba Serikali itangaze bei ya sangara na bei ya bondo, kiungo cha ndani ya sangara kinachouzwa nje, hadharani, mwaloni samaki wanapopakuliwa, kwa ratiba inayojulikana, kama inavyotangaza bei ya petroli.

Mvuvi wa Goziba au wa visiwa vyetu vya Ukerewe anapojaza petroli kwenye injini ya mtumbwi analipa bei ya dunia. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutoa bei kikomo, na taarifa yake hueleza mambo kwa uwazi: mafuta yamepanda au yameshuka huko yanakotoka, dola imesimama wapi, gharama za kuyaleta zimekuwaje. Mwaka 2022, baada ya vita kuanza Ukraine, lita ya petroli ilivuka shilingi 3,000. Huku visiwani, ambako mafuta hufika kwa madumu juu ya mitumbwi, tulilipa zaidi ya hapo. Tulinung'unika, lakini angalau tulijua kwa nini.

Mvuvi huyohuyo akirudi asubuhi na sangara, samaki ambaye baada ya siku chache atakuwa minofu kwenye sahani ya mtu Uholanzi, Hispania au Israeli, bei anaambiwa kwa mdomo na wakala. Kwenye mialo mingi hakuna tangazo ubaoni wala karatasi. Akiambiwa soko la nje limeshuka, limeshuka. Akiambiwa kiwanda kimejaa, kimejaa, na samaki hawezi kusubiri kwenye jua mpaka ukweli ujulikane. Barafu inayeyuka, anauza. Kwa hiyo dunia inamfikia mvuvi vizuri kabisa upande wa gharama, na haimfikii upande wa malipo. Hapo ndipo ninapowaomba mtusaidie.

Wanaoishi mbali na ziwa huenda hawalijui bondo. Ni ule mfuko wa hewa ulio chini ya uti wa mgongo wa samaki, unaomwezesha kupanda na kushuka majini. Miaka ile sangara alipoanza kujaa ziwani wengi walilitupa pamoja na utumbo. Leo linafanyiwa kazi kwa uangalifu kuliko kiungo kingine chochote cha samaki. Anayelitoa hutumia kisu kifupi na hana haraka, kwa sababu likitoboka bei inashuka. Hulipasua kwa urefu, hulifungua, hubandua utando wa nje wenye damu, huliosha mpaka liwe jeupe, kisha hulitandaza juu ya wavu uliowambwa likauke. Likikauka linakuwa gumu na la manjano, na ukilinyanyua juani unaona mwanga upande wa pili. Kutoka hapo safari yake ni Hong Kong na China, ambako hupikwa supu za sherehe, na wengi huamini linarutubisha ngozi na kumpa nguvu mama aliyejifungua. Kilo moja ya mabondo makubwa makavu huuzwa kwa mamia ya maelfu ya shilingi hapahapa nchini, kabla hayajapanda ndege wala meli.

Sasa fikeni mwaloni muone sangara anavyouzwa. Ananing'inizwa kwenye mzani akiwa mzima, bondo likiwa ndani, na mvuvi analipwa kwa kilo za samaki. Najua jibu la wanunuzi, nimelisikia mara nyingi: wanasema sangara mkubwa hulipwa zaidi kwa kilo kuliko mdogo, na hiyo tofauti ndiyo bei ya bondo. Ni kweli tofauti ipo. Lakini ni tofauti iliyokokotolewa na nani? Kwa bei ya wiki ipi ya Hong Kong? Bondo likipanda huko, mvuvi wa Ukara anajuaje kwamba limepanda? Anayejua ni mmoja tu kati ya hao wawili waliosimama kwenye mzani, na yeye ndiye anayetamka bei.

Mtaniambia mvuvi ana hiari ya kumkatalia wakala huyu akamuuzia mwingine. Wengi hawana. Nyavu za makila, injini, mafuta na barafu vimetoka kwa tajiri, yaani mwenye mtumbwi, au kwa wakala kwa mkopo, na sharti la mkopo ni kwamba samaki wote warudi kwake. Tukitoa gharama za safari, kinachobaki hugawanywa, sehemu ya tajiri na sehemu ya wavuvi, na ile ya wavuvi hugawanywa tena kwa vichwa vilivyokuwa mtumbwini. Kijana aliyelala juu ya maji usiku kucha anaweza kushuka na fedha isiyomtosha kununua kilo tatu za sato kwa ajili ya familia yake. Mkopo wenyewe siupingi, maana benki haziji Goziba. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye deni, asiyejua bei, hawezi kujadiliana na yeyote.

Jambo hili linawezekana. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanauza kwa minada kupitia vyama vyao vya ushirika, bei ya mnada inatangazwa, redio zinaisoma, na mkulima aliyeko kijijini anajua korosho yake imenunuliwa kwa shilingi ngapi. Kuna malalamiko yake, siyafichi, hasa malipo yanapochelewa. Lakini hakuna mtu anayethubutu tena kumwambia mkulima wa Masasi kwamba bei ni siri ya mnunuzi. Sangara naye ni zao la kuuzwa nje, linaliingizia taifa fedha za kigeni, na kila shehena inapoondoka lazima ionyeshe nyaraka na ilipiwe mrabaha. Maana yake Wizara inajua bondo lilitoka nchini kwa thamani gani. Taarifa ipo kwenye mafaili yenu. Naomba ishuke ziwani.

Nitaeleza pia kwa nini suala hili limebeba mengi kuliko fedha za mfukoni.

Bei ya bondo isiyojulikana ndiyo inayoongoza uvuvi wetu gizani. Kadiri sangara anavyokuwa mkubwa ndivyo bondo lake linavyokuwa la thamani, na watafiti wa TAFIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, wanaweza kuwathibitishia kwamba sangara wakubwa kabisa karibu wote ni majike. Hao ndio wazazi wa ziwa. Upande wa pili, mvuvi aliyekosa mkubwa na anadaiwa anakwenda kwenye ghuba, kwenye mazalia, anavuta kokoro, wavu wa kukokota hadi ufukweni, au anatega timba, nyavu za uzi wa plastiki, na kuzoa watoto wasiofika hata sentimita 50 ambazo kanuni inazitaka. Ziwa linabanwa huku na huku. Viwanda kadhaa vya Mwanza na Musoma vilivyojengwa enzi za neema vimefungwa au vinafanya kazi kwa sehemu ndogo ya uwezo wake kwa kukosa samaki, na vijana waliokuwa wakichuna minofu humo wamerudi mitaani Igogo na Kirumba.

Haya hayakuanza jana. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kufika 1905 nyavu za kisasa kutoka Ulaya zilikuwa zimeshaingia ziwani upande wa Kenya. Kabla ya hapo wazee wetu walivua kwa migono, kwa ndoano na kwa wigo wa matete. Nyavu zile na reli ile viliwapa watu wa mbali njia ya kumfikia ngege, sato wa asili wa ziwa hili, samaki mtamu kuliko wote kwa maneno ya waliomla, na ndani ya miaka ishirini ngege walipungua vibaya hata Waingereza wenyewe wakashtuka. Walimtuma mtafiti wao, Michael Graham, akazunguka ziwa mwaka 1927 na 1928. Pamoja na mengine, alionya kwamba kuleta samaki mkubwa mla samaki kutoka maji mengine bila utafiti wa kina kungekuwa hatari. Onyo lilikuwa kwenye maandishi. Miaka ya 1950 sangara walichukuliwa Ziwa Albert wakaletwa ziwani mwetu kupitia Uganda, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaongezwa wengine. Hakuna mzee wa Ukerewe, wa Kome wala wa Rusinga aliyeulizwa.

Mnajua kilichofuata. Ziwa hili lilikuwa na furu, samaki wadogo wa aina zaidi ya 500, ambao hawapatikani popote pengine duniani. Katika miaka ya 1970 ndio waliokuwa sehemu kubwa kabisa ya samaki wote ziwani, na watoto wa kila kijiji cha pwani ya ziwa walijifunza uvuvi kwa kuwavua wao, kwa kijiti, uzi na ndoano ndogo. Mama hakuhitaji mtaji ili mboga ipatikane. Katikati ya miaka hiyo Mwanza ilijengewa kiwanda cha kusaga furu kuwa chakula cha kuku, maana wakubwa waliona ni samaki wadogo wenye miiba wasio na soko. Kisha katika miaka ya 1980 sangara walilipuka kwa wingi, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden waliokuwa wakiwahesabu furu katika Ghuba ya Mwanza wakishirikiana na TAFIRI wakashuhudia aina baada ya aina zikikosekana kwenye nyavu zao. Inakadiriwa aina 200 au zaidi zimepotea. Wachache wamerudi baada ya sangara kupungua, na nashukuru Mungu kwa hao.

Sitaki kumsingizia sangara peke yake. Maji yamechafuka kwa udongo unaosombwa kutoka mashambani na kwa taka za miji yetu wenyewe, gugu maji nalo liliingia kutoka Amerika ya Kusini kama ua la bwawa. Wala sitasema sangara hakutupa kitu. Alijenga nyumba za bati, alisomesha watoto, alileta ajira kwa maelfu ambao hawakuwa na hata mtumbwi. Lakini alibadilisha nani ana haki ya kula. Furu alianikwa juani akakauka, kazi ya mama na jua. Sangara ana mafuta, hakauki vizuri kwa jua peke yake, lazima achomwe kwa moshi au atiwe chumvi, na kuni za kumkausha zimemaliza miti mingi visiwani. Kumvua kunataka mtumbwi mkubwa, nyavu nyingi, injini na barafu, kwa hiyo uvuvi ukahama kutoka kwa familia ukaenda kwa mwenye mtaji. Akina mama waliokuwa wakipata samaki kwa waume zao au kwa jirani sasa wanasubiri foleni getini wapate mapanki: kichwa, mifupa na mkia baada ya minofu kuondoka. Wanayakaanga, wanayauza, watu wanakula. Siwabezi hao, ni kazi ya halali na mapanki yana lishe. Ninachouliza ni iwapo huo ndio mgawo tulioupanga kama nchi, au ulijipanga wenyewe kwa sababu hakuna aliyeusimamia.

Na kuna kilichopotea ambacho hakionekani kwenye takwimu za mauzo. Ningu, nembe, soga, domodomo, gogogo, mbofu, kuyu: kila mmoja alikuwa na msimu wake, mahali pake na namna yake ya kupikwa. Ningu walipanda mito mvua zikianza, na vijiji vya midomo ya mito vilijipanga kuwapokea. Mzee aliyejua ghuba fulani alijua pia lini isiguswe. Leo ukimwomba kijana wa kambini akutajie samaki wa ziwa atakutajia sangara, sato, dagaa, na akijitahidi kamongo na kambale. Si kosa lake. Amezaliwa kwenye ziwa la samaki watatu wa soko, anahama kisiwa hadi kisiwa kufuata mahali wanapopatikana, hakai nyumbani kwao miezi mingi, na shule aliiacha mapema kwa sababu fedha ya mwaloni ilionekana kwa macho na ya shule haikuonekana. Kambini hakuna mzee wa kumkanya wala zahanati ya kumtibu. Akina mama wanaolazimishwa kutoa miili yao ndipo wauziwe samaki wapo, pande zote tatu za ziwa, na viongozi wanajua. Mwanamke mwenye bei iliyoandikwa ubaoni na mzani wa wazi ana pa kusimama anapodaiwa kisicho bei. Nimeona hilo kwa macho yangu kwenye mialo michache iliyo na mnada wa kweli.

Waheshimiwa, mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria, kwa sababu baadhi ya wavuvi walikuwa wakivua kwa sumu. Bei ilianguka, viwanda vikasimama. Nchi zetu zilihangaika, na zilifanya vizuri: sheria za ubora zikakazwa, mialo ya kupakulia sangara ikatengenezwa, maabara ya uthibiti ubora ikawepo Nyegezi, wakaguzi wakafundishwa. Mlango ukafunguliwa. Najivunia maabara ile. Inaonyesha kwamba tukiamua tunaweza.

Lakini ile sumu kabla ya kumtishia mlaji wa Ulaya ilimtishia kwanza mlaji wa huku ziwani. Na leo dagaa, samaki wa maskini, ambaye kwa uzito ndiye anayevuliwa zaidi ziwani, anamwagwa kwenye mchanga ambako mbuzi wanapita. Mvua ikinyesha machweo ya siku ya kuanika, mzigo wote unaoza. Kinachookolewa kinakuwa na mchanga, mlaji anakikataa, na anayekinunua kwa bei ya kutupa ni kiwanda cha chakula cha kuku. Dagaa aliyekaushwa juu ya chanja huwa safi, hana mchanga, na bei yake ni nzuri. Chanja ni miti, misumari na wavu. Tumeomba chanja na turubai kwa miaka, tumepewa semina. Mlaji wa Ulaya alilalamika akajengewa maabara. Mama wa Nansio analalamika kuhusu chakula cha mtoto wake, naye ni mlaji, na ziwa ni lake.

Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini mwetu wamedumaa. Dagaa mmoja mzima, na kichwa chake na mifupa yake, ana protini, madini ya chuma na ya chokaa ambayo mtoto huyo anayakosa. Tulisaga furu tukawapa kuku, sasa tunasaga dagaa tukawapa kuku, na kati ya hayo mawili tumepoteza kizazi kizima cha kujifunza. Naomba halmashauri za kanda ya ziwa zianze kwa kununua dagaa wa chanja kwa ajili ya uji na mboga ya shuleni. Soko hilo peke yake lingetosha kumshawishi mwanikaji aachane na mchanga.

Nizungumzie nyavu, kwa kuwa kila tukidai bei tunaambiwa kwanza tuache uvuvi haramu. Operesheni Sangara ya mwaka 2018 ilichoma nyavu nyingi sana. Baadhi zilistahili kuchomwa, na mimi sitamtetea mwenye kokoro. Ila timba haifumwi Ukerewe. Ni uzi wa plastiki unaotengenezwa viwandani Asia, unaingia kwa makontena au unavuka mpaka kwa magunia, unapita kwa maofisa, unalipiwa ushuru kwa jina hili au lile, na unauzwa madukani mchana. Moto uliwashwa kwa mvuvi aliyenunua kwa mkopo, na baada ya moto deni lilibaki palepale, hivyo alinunua timba nyingine. Kama biashara ya dunia inaweza kutuletea nyavu zinazoua ziwa, basi zuieni pale zinapoingilia. Mwagizaji ana anwani na leseni, naye ni rahisi kupatikana kuliko mvuvi wa Irugwa usiku.

Hapa nawageukia ndugu zetu wa LVFO. Taasisi yenu ilianzishwa kwa mkataba wa mwaka 1994 ili Kenya, Uganda na Tanzania zilitunze ziwa kama ziwa moja. Samaki hajui mpaka, na bondo ndiyo kabisa halijui. Likiwa na bei nzuri Kenya linavuka usiku, likiwa na bei nzuri Uganda linavuka usiku, na kila nchi inapoteza mrabaha wake kwa zamu. Sehemu ya minofu yetu nayo imekuwa ikisafiri kwa malori hadi Nairobi na Entebbe ndipo ipande ndege. Bei moja ya rejea, inayotolewa siku moja kwa mialo ya nchi zote tatu, ingepunguza magendo kuliko doria nyingi. Mkianza na mabondo tu, sisi tutashukuru.

Nasikia pia hoja kwamba tukigusa wanunuzi wataondoka, watahamia kwa samaki wa kufugwa wa Asia. Wanaweza. Mwanzoni mwa mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga China, kisha ndege na hoteli za Ulaya, tuliona jinsi mwalo unavyoweza kunyamaza ndani ya wiki chache. Nimechukua somo kutoka kipindi kile. Waliotubeba walikuwa majirani: dagaa na kayabo, sangara waliokaushwa kwa chumvi, vinavyokwenda Kongo, Burundi na Rwanda. Wafanyabiashara wa Goma na Bukavu wanatujua kwa majina, wanakula tunachokula, wakipata shida wanapiga simu. Biashara hii hupewa heshima kidogo sana kwenye hotuba kwa sababu hulipwa kwa noti zilizofungwa kwenye kitenge badala ya hundi za benki. Mipakani wanahangaishwa kwa vibali na vizuizi visivyo na mwisho. Sipingi kuuza Ulaya wala China. Nataka tuuze tukiwa na miguu miwili.

Mrabaha nao urudi ulikotoka, angalau sehemu yake. Mwalo unaopakua samaki wa mamilioni hauna choo. Mzani ni wa kuning'iniza wa mnunuzi, na hakuna anayejua ulikaguliwa lini na Wakala wa Vipimo. Ziwa lilipofurika mwaka 2020, na tena 2024, maji yalimeza vichanja na mabanda ya wengi, na kila mtu alijijengea tena kwa fedha zake. Tunaambiwa mabadiliko ya tabianchi ni tatizo la dunia nzima. Basi na dunia inayokula samaki wetu ichangie kupitia mrabaha ambao tayari inaulipa.

Nikusanye maombi kwa lugha ambayo Wizara inaweza kuifanyia kazi. Kila mwalo mkubwa uwe na mzani wa Serikali au wa BMU uliopigwa muhuri, na ubao. Kwenye ubao iandikwe bei ya sangara kwa ukubwa wake, na bei ya rejea ya bondo kwa madaraja yake, iliyokokotolewa kutokana na thamani halisi ya mauzo ya nje ya mwezi uliotangulia. Bei hiyohiyo isomwe redioni, Redio Free Afrika na redio za jamii zinasikika hadi visiwani. Mvuvi awe na hiari ya kutoa bondo na kuliuza mbali na samaki, hata kama anadaiwa. Mkipata muda wa jambo moja tu katika mwaka huu wa bajeti, lifanyeni hilo la ubao. Halihitaji mkopo wa nje wala mshauri mwelekezi.

Sihitaji kujibiwa kwa barua. Njooni mwaloni mtujibu kwenye mkutano wa hadhara. Mkipanga tarehe, angalieni kalenda ya mwezi: mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa hawaendi kazini, kambi zote zinakuwa nchi kavu, na mtawakuta wenye ziwa wote, wanaume kwa wanawake, wakiwa na maswali yao tayari.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mfanyabiashara wa dagaa,
Ukerewe, Mwanza.